Kleist Sykes, mtoto wa mgeni

Katika madarasa yangu hapa Shinyanga nasikia mara nyingi hoja moja: eti ndugu zetu walioko machimbo ya Geita na Kahama hawawezi kujenga chochote, kwa kuwa ni wapita njia wanaofuata dhahabu. Ndugu msomaji, hoja hiyo naipima kwa maisha ya marehemu Kleist Abdallah Sykes wa Dar es Salaam.

Huyu alikuwa mtoto wa mgeni hasa. Baba yake, Mzulu, aliletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji kuwa askari, akafariki mwanawe angali mdogo. Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894, akapigana Vita Kuu ya Kwanza upande wa Wajerumani, kisha akaajiriwa Reli chini ya Waingereza. Mshahara ule ungemtosha kukaa kimya.

Hakukaa. Mwaka 1929 yeye na wenzake, Waislamu kwa Wakristo, waliasisi African Association. Cecil Matola rais, yeye katibu. Mwaka 1933 alikuwa tena miongoni mwa waasisi wa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, pamoja na Mzee bin Sudi. Jumuiya hiyo ilijenga shule iliyosomesha Qur'an pamoja na masomo ya kawaida (wanaodhani elimu hizi mbili ni mahasimu wazingatie).

Alifariki mwaka 1949. Miaka mitano baadaye, chama alichokuwa katibu wake wa kwanza ndicho kilichogeuzwa TANU, mwanawe Abdulwahid akiwamo.

Nawajua watu wa Geita waliooa, wakazaa na kuzika huko huko. Madrasa ya watoto wao hadi leo ni chumba cha kupanga.