Metchnikoff, mgunduzi wa askari wa mwili

ILYA Metchnikoff alizaliwa mwaka wa 1845 karibu na Kharkiv, Ukraine, enzi za utawala wa Urusi. Mwaka wa 1873 kifua kikuu kilimwua mkewe wa kwanza. Kwa majonzi, msomi huyo alijaribu kujitoa uhai, na miaka michache baadaye akajaribu tena.

Mwiba mdogo ndio uliompa sababu ya kuishi. Mwishoni mwa 1882, akiwa Messina, Italia, alimdunga kiti cha pweza mchanga mwenye mwili ang'avu. Kesho yake aliona kwa hadubini seli zimeuzingira mwiba huo. Akang'amua kuwa mwili una askari wanaomeza maadui.

Wataalamu wengi wa Ujerumani walimpinga, wakishikilia kuwa kinga imo katika majimaji ya damu. Hakutetereka. Mwaka wa 1888 alihamia taasisi ya Pasteur, Paris, na mnamo 1908 alituzwa Nobeli pamoja na Paul Ehrlich, mtetezi wa upande wa pili. Wote wawili walikuwa na haki.

Alifariki mwaka wa 1916, lakini utafiti uliendelea. Sasa yajulikana kuwa monosaiti, chembe nyeupe zitokazo kwenye uboho, zina aina zake. Kwa binadamu na panya vilevile, baadhi hukimbilia jeraha na kugeuka askari walaji. Nyingine hushika doria ndani ya mishipa. Hata hivyo, uwiano wa aina hizo hutofautiana, hivyo dawa iliyofaulu kwa panya haina budi kupimwa upya kwa binadamu.