Mzee Aliyezikwa Nyeri na Watoto Wetu wa Kwale

Siku za sherehe za kitaifa, iwe Ukunda au Msambweni, utawaona watoto wa skauti na skafu zao shingoni wakipiga gwaride juani. Wengine ni Wakatoliki, watoto wa waliokuja Diani kwa kazi za hoteli. Wengine ni wetu. Lakini wapo wazazi wa Kiislamu wanaowakataza wanao kabisa, kwa kuona kwamba skauti ni mambo ya kanisa. Ndugu msomaji, mwanzilishi wake amelala katika ardhi ya Kenya hii hii, na habari zake zafaa kujulikana kabla ya mtu kukataza au kuruhusu.

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, kasisi wa Kianglikana na profesa wa hesabu pale Oxford, alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu, mama akabaki na nyumba iliyojaa watoto. Shuleni Robert hakuwa hodari wa vitabu. Alichopenda ni kutorokea msitu uliokuwa karibu na shule, akanasa sungura na kumpika kwa moto mdogo usiotoa moshi, walimu wasije wakamgundua. Elimu hiyo ya wizi ndiyo iliyomfaa zaidi baadaye.

Mwaka 1876 aliingia jeshini akapelekwa India, kisha Afrika. Hapa tusimpambe. Alikuwa askari wa dola iliyokuwa ikiwanyang'anya watu nchi zao. Alikuwamo katika safari ya kijeshi dhidi ya Waashanti, na mwaka 1896 huko Matabeleland aliamuru chifu Uwini, aliyekuwa mateka, apigwe risasi. Uchunguzi ulifanywa, akaachiwa. Mwaka 1899 alizingirwa na Makaburu katika mji wa Mafeking kwa siku 217, na ulipookolewa Mei 1900 akawa shujaa Uingereza nzima. Waafrika waliokuwa ndani ya mji ule walipata chakula kidogo kuliko wazungu, na wapo waliokufa kwa njaa. Kuandika habari zake na kuliruka hilo ni kumdanganya msomaji.

Katika mji uleule vijana wadogo walipewa kazi ya utarishi, wakipeleka barua kwa baiskeli huku mizinga ikilia. Alichokiona pale hakikumtoka tena: mtoto akikabidhiwa kazi ya kweli, anakua ghafla.

Agosti 1907 akachukua wavulana wapatao ishirini hadi kisiwa kidogo cha Brownsea. Baadhi walitoka shule za matajiri, wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa kawaida. Akawagawa katika vikosi vidogo, kila kikosi na kiongozi wake mtoto mwenzao. Mmoja apike, mwingine achote maji, wa tatu atunze vyombo. Mpishi akizembea, wote hulala njaa. Hakuna mwalimu aliyesimama kuhubiri uaminifu. Mtoto aliuona kwenye sufuria. Sisi tuna neno lake, amana, na wazee wetu walilifunza vivyo hivyo, shambani na baharini, kabla ya watoto wetu kukabidhiwa simu.

Mwaka 1908 alitoa kitabu, na mwaka 1910 skauti ikawa imefika Kenya. Katika ahadi ya skauti aliweka wajibu kwa Mungu mbele, lakini hakutaja dini ipi. Kila mtoto ashike ya kwao, na aishike kweli.

Jambo hilo liliwatatiza Wakatoliki kabla ya kututatiza sisi. Kule Ufaransa wengi waliogopa: mwanzilishi si Mkatoliki, ni mwanajeshi, tena Mwingereza! Padri mmoja Mjesuti, Jacques Sevin, akafunga safari mwaka 1913 kwenda kumwona mwenyewe. Mwaka 1920 yeye na wenzake wakaanzisha skauti ya Kikatoliki ya Ufaransa. Mahema, vikosi na moto wa usiku vilibaki vilevile, na sala ikawa yao. Watoto wa Kikatoliki wakafunzwa ukweli, subira na kuhudumia wenzao kwa kutembea porini na kubeba mizigo, na hawakutoka katika dini yao. Sioni kwa nini mtoto wa Msambweni aliyepiga kambi Shimba Hills ashindwe kuswali magharibi yake kwa wakati, mradi awepo mtu mzima wa kumsimamia. Hilo la msimamizi ndilo la kuuliza shuleni, na wazazi hawaliulizi.

Uzeeni Baden-Powell alirudi Afrika. Katibu wake wa zamani, Eric Sherbrooke Walker, alikuwa na hoteli ya Outspan huko Nyeri, na hapo yeye na mkewe Olave wakajengewa nyumba ndogo, wakahamia mwaka 1938. Alishinda akichora ndege na wanyama. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83, akazikwa Nyeri, Mlima Kenya ukionekana. Olave alifariki Uingereza mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa yakazikwa hapohapo.

Juu ya kaburi pamechorwa duara lenye nukta katikati. Ni alama ya njiani, ambayo skauti humwachia anayemfuata nyuma ili ajue kwamba mwenzake amekwisha kwenda nyumbani.