David Lack

David Lambert Lack (16 Julai 1910 – 12 Machi 1973) alikuwa mtaalamu wa ndege na mwanabiolojia kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya ndege wadogo wa Visiwa vya Galapagos waitwao chiriku wa Darwin, na kwa kueleza sababu zinazoamua idadi ya mayai ambayo ndege hutaga. Wataalamu wengi waliomtangulia walichunguza ndege kwa kuwapiga risasi na kulinganisha ngozi zao katika makumbusho. Lack ni mmoja wa wale walioonyesha kwamba ndege aliye hai, akitazamwa kwa subira mahali anapoishi, hufundisha mambo ambayo ngozi peke yake haiwezi kufundisha.

Maisha ya awali

Lack alizaliwa mjini London. Alisoma katika shule ya Gresham's iliyoko Norfolk, kisha katika Chuo cha Magdalene cha Chuo Kikuu cha Cambridge. Alipenda kutazama ndege tangu utotoni.

Mwaka 1933 alianza kufundisha biolojia katika shule ya Dartington Hall huko Devon. Akiwa mwalimu alichunguza robini, ndege mdogo mwenye kifua chekundu. Aliwakamata, akawavika pete za rangi miguuni na kuwaachia, ili aweze kumtambua kila mmoja kwa mbali. Aliona kwamba robini hulinda eneo lake kwa ukali mkubwa. Humshambulia hata robini aliyekufa na kujazwa pamba, na pengine fungu tu la manyoya mekundu. Matokeo hayo aliyatoa mwaka 1943 katika kitabu The Life of the Robin, kilichosomwa na watu wengi wasio wanasayansi.

Mwaka 1934 alisafiri hadi Tanganyika na kumtembelea Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye Milima ya Usambara. Moreau alichunguza jinsi ndege wa Afrika wanavyozaa na kulea vifaranga, na baadaye kazi hiyo ilimsaidia Lack katika utafiti wake juu ya mayai.

Safari ya Galapagos

Galapagos ni visiwa vya volkeno katika Bahari ya Pasifiki, kwenye ikweta, umbali wa kilomita 1,000 hivi kutoka pwani ya Ekuador, nchi inayovimiliki. Charles Darwin alifika huko mwaka 1835. Ndege wadogo aliowakusanya walikuja kuwa maarufu kwa sababu wanafanana sana kwa umbo na rangi, lakini midomo yao hutofautiana: mingine ni minene ya kuvunja mbegu ngumu, mingine ni myembamba ya kuokota wadudu.

Lack aliomba ruhusa shuleni kwake, akafika visiwani mwishoni mwa mwaka 1938 pamoja na wenzake wachache. Mmoja wao alikuwa Richard Leacock, kijana aliyesoma Dartington, ambaye alipiga filamu za ndege hao na baadaye akawa mtengenezaji filamu mashuhuri. Walikaa miezi kadhaa, katika msimu wa mvua ambao ndio msimu wa kuzaliana. Ndege wa Galapagos hawaogopi watu, hivyo iliwezekana kuwatazama kwa karibu wakiimba, wakichumbiana, wakijenga viota na kulisha vifaranga. Lack aliwafuga baadhi yao vizimbani ili kujua kama spishi tofauti zingeweza kuzaana, lakini hazikuzaana.

Mwaka 1939 alikwenda San Francisco, Marekani, ambako kulikuwa na mkusanyiko mkubwa wa ngozi za ndege hao. Huko alipima midomo na mabawa ya maelfu ya ndege.

Kubadilisha maoni

Mwanzoni Lack aliamini kwamba tofauti za midomo hazina uhusiano mkubwa na chakula. Alikuwa ameona spishi mbalimbali zikila pamoja mahali pamoja, akafikiri kwamba kazi kubwa ya mdomo ni kumwezesha ndege kumtambua mwenzi wa spishi yake. Hayo ndiyo aliyoyaandika baada ya safari.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifanya kazi ya rada katika jeshi la Uingereza, na huko alisaidia kuonyesha kwamba baadhi ya alama za ajabu zilizotokea kwenye rada zilikuwa ndege. Katika miaka hiyo alizipitia upya takwimu zake za Galapagos. Aliona kwamba pale spishi mbili za karibu zinapoishi kisiwa kimoja, ukubwa wa midomo yao hutofautiana. Katika visiwa vidogo ambako moja haipo, iliyobaki huwa na mdomo wa ukubwa wa kati. Alihitimisha kwamba kugombea chakula ndiko kulikozitenganisha. Basi aliyaacha maelezo yake ya kwanza, na mwaka 1947 akatoa kitabu Darwin's Finches, ambamo alieleza spishi 14: 13 za Galapagos na moja ya Kisiwa cha Cocos.

Kazi ya Oxford

Kuanzia mwaka 1945 hadi kifo chake Lack aliongoza Taasisi ya Edward Grey ya utafiti wa ndege katika Chuo Kikuu cha Oxford. Yeye na wenzake walichunguza ndege wanaotaga katika masanduku ya mbao msituni, na teleka wanaojenga viota katika mnara wa makumbusho ya chuo. Alifundisha kwamba idadi ya mayai hulingana na idadi ya vifaranga ambao wazazi wanaweza kuwalisha. Ndege akitaga mengi kupita kiasi, vifaranga hukosa chakula cha kutosha na wachache tu huishi. Maelezo hayo yamo katika kitabu chake cha mwaka 1954, The Natural Regulation of Animal Numbers.

Imani na familia

Mwaka 1948 Lack alijiunga na Kanisa Anglikana, na mwaka 1957 alitoa kitabu juu ya nadharia ya mageuko na imani ya Kikristo. Mwaka 1949 alimwoa Elizabeth Silva, naye mpenzi wa ndege, wakapata watoto wanne.

Urithi

Lack alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1951, na mwaka 1972 alipewa Nishani ya Darwin. Kitabu chake juu ya ndege wa visiwani, hasa wa Jamaika, kilitolewa mwaka 1976 baada ya kifo chake.

Mwaka 1973, mwaka ule ule aliofariki, Peter na Rosemary Grant walianza kuwapima chiriku wa kisiwa cha Daphne Major, Galapagos. Ukame wa mwaka 1977 uliua ndege wengi huko, na waliosalia walikuwa hasa wale wenye midomo mikubwa iliyoweza kuvunja mbegu ngumu. Hivyo uhusiano wa mdomo na chakula, ambao Lack aliutambua kwa kutazama, kupima na kufikiri upya, ulionekana ukitenda kazi mwaka baada ya mwaka.