Padre Antoine Horner

Zamani Unguja ilikuwa na soko kubwa la watumwa. Watu walitekwa bara, wakavushwa bahari, wakauzwa kama mbuzi. Na miongoni mwao walikuwamo watoto wadogo wasiojua wazazi wao wako wapi.

Katika mwaka 1863 Padre Antoine Horner, wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifika mjini Unguja. Alizaliwa mwaka 1827 katika nchi ya Alsace, na kabla ya kuja huku aliwahudumia wakoma katika kisiwa cha Réunion. Misheni ya Unguja ilikuwa imeanzishwa mwaka 1860 na mapadre na masista waliotoka kisiwa hicho. Horner akaipokea, akaendelea kuwakomboa watoto kwa fedha. Wala hakuwapa chakula na nguo tu, bali shule pia. Walijifunza sala, kusoma, kuandika, na kazi za mikono kama useremala na uhunzi, ili wapate kujitegemea.

Watoto walipozidi, nafasi mjini haikutosha. Basi mwaka 1868 misheni ikafunguliwa Bagamoyo, penye ardhi ya kulima. Hata mwaka 1872 tufani kuu ikabomoa majengo yake. Kazi ya miaka minne ikaanguka kwa siku moja. Lakini Horner hakuiacha; misheni ikajengwa tena. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Horner alifariki Cannes, Ufaransa, mwaka 1880. Aliwaachia watoto wale elimu na kazi: mali isiyouzwa sokoni, wala haibomolewi na tufani.