Gertrude Elion: Mwanakemia aliyevitegea mtego vimeng'enya

NI wachache miongoni mwa wachuuzi wa mitumba katika Soko la Toi, Nairobi, wanaolifahamu jina la Gertrude Elion. Hata hivyo, wengi wamewahi kumeza matunda ya maabara alimofanyia kazi. Septrin, wanayopewa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi kujikinga na maradhi nyemelezi, ina kiungo kilichotoka huko. Ndivyo ilivyokuwa Fansidar, iliyofanywa tiba ya kwanza ya malaria nchini mnamo 1998.

Elion alizaliwa New York, Marekani, Januari 23, 1918. Akiwa na umri wa miaka 15, babu yake alifariki kwa saratani, naye akaazimia kuisomea sayansi. Alihitimu shahada mwaka wa 1937, lakini maabara zilisita kumwajiri kwa kuwa alikuwa mwanamke. Mchumba wake alifariki mwaka wa 1941 kwa maambukizi ya moyo, kabla penisilini haijaenea. Elion hakuolewa maishani mwake.

Mnamo 1944 aliajiriwa na George Hitchings katika kampuni ya Burroughs Wellcome. Badala ya kubahatisha, wawili hao waliunda molekuli zilizofanana na malighafi ya seli, wakibadilisha sehemu ndogo tu. Kimeng'enya hudanganyika, huikamata molekuli hiyo na kukwama, mithili ya kufuli iliyotiwa ufunguo bandia. Kwa kuweka salfa mahali pa oksijeni, Elion alipata dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa mwaka wa 1953. Baadaye ikafuata dawa ya jongo.

Pairimethamini, kiungo cha Fansidar, hukizuia kimeng'enya ambacho kimelea cha malaria hukihitaji ili kizaliane. Lakini kimelea nacho kilijibu: asidi-amino moja ikibadilika katika kimeng'enya hicho, nguvu ya dawa hupungua. Usugu ulipoenea, Kenya iliamua mwaka wa 2004 kutumia tiba nyingine.

Siku hizi kompyuta hukadiria jinsi molekuli itakavyokaa ndani ya kimeng'enya kabla haijaundwa. Elion aliianza safari hiyo bila msaada huo, wala hakuwahi kukamilisha masomo ya uzamifu. Mnamo 1988 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Hitchings na James Black wa Uingereza.

Alifariki Februari 21, 1999. Vimelea bado vinabadilika, na kazi yake ingali inahitaji warithi.