Munganga Hugh Trowell: alitafuta chanzo cha ugonjwa wa sukari ndani ya sahani

Hapa Mashamba, Kolwezi, mwenye ugonjwa wa sukari anapewa mashauri mengi. Mmoja anamuletea majani ya kuchemsha, mwingine anamukataza bukari kabisa. Maisha ya munganga mmoja wa zamani yanaweza kutusaidia kuona wazi.

Hugh Trowell alikuwa Mwingereza, alizaliwa mwaka 1904. Alifika Kenya mwaka 1929, na mwaka 1935 akahamia Uganda, kwenye hospitali ya Mulago, Kampala. Alibakia kule zaidi ya miaka 20, akiponya wagonjwa na kufundisha wanganga vijana. Bibi yake Margaret njo alianzisha masomo ya sanaa kule Makerere.

Kwanza alijulikana kwa kazi yake juu ya kwashiorkor, ugonjwa wa watoto wenye kukosa chakula cha kujenga mwili. Lakini kulikuwa jambo lingine lililomushangaza. Kati ya watu wazima wa kijiji, wenye kula ndizi za kupika, viazi vitamu, ulezi na maharagi, ugonjwa wa sukari ulikuwa haba. Kwao Uingereza ulikuwa mwingi. Mwaka 1960, akiwa amekwisha kurudi kwao, alitoa kitabu juu ya magonjwa yasiyo ya kuambukiza katika Afrika.

Kule Uingereza akawa padri wa Anglikana. Hata hivyo swali halikumuacha. Mwaka 1970 alitembelea tena Afrika ya Mashariki, akakuta katika miji watu wanene wengi na wagonjwa wa sukari wengi. Chakula kilikuwa kimebadilika. Mwaka 1975, yeye na Denis Burkitt, munganga mupasuaji aliyefanya kazi pia Uganda, walitoa kitabu juu ya vyakula vyenye kukobolewa na magonjwa.

Wazo lake ni hili: mumea una nyuzinyuzi, sehemu ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Nyuzinyuzi zinapunguza mbio ya sukari kuingia katika damu. Ukitoa pumba yote kwenye unga, unatoa breki. Leo tunajua kwamba uzito wa mwili na ukoo vinachangia pia, lakini juu ya nyuzinyuzi wanganga wengi wanamukubali. Trowell alikufa mwaka 1989.

Kwetu hii inamaanisha nini? Bukari, ya mahindi ao ya mihogo, inapandisha sukari. Si lazima kuiacha, bali tonge lipunguke, na lengalenga, matembele, sombe bila mafuta mengi, ao maharagi vijaze nusu ya sahani na zaidi. Sukre na chai ya sukari nyingi, weka mbali.

Lakini majani si kidonge. Chakula kinasaidia dawa, hakichukue nafasi yake. Mwenye kutumia insulini akiiacha anaweza kufa. Na ukibadilisha chakula sana, mwambie munganga wako mbele, sababu sukari inaweza pia kushuka kupita kiasi. Nenda upime, kisha ule vizuri.