Tatu: daktari mwenye pumu aliyevuka Ziwa Tanganyika

Usiku wa kuamkia 24 Aprili 1965, Wacuba wachache waliondoka Kigoma kwa boti kuelekea upande wa Kongo. Viongozi wao walikuwa wamepewa majina ya kuhesabu kwa Kiswahili: Moja, Mbili, Tatu. Huyo Tatu ndiye Ernesto Che Guevara. Habari hiyo wengi wenu mnaijua, na sura yake mmeiona kwenye fulana na vioo vya daladala. Sisi leo tunataka kuzungumzia kifua chake, kwa sababu kila tukitangaza kuhusu pumu, hakosekani msikilizaji wa kutuambia kwamba wagonjwa hao wanajidekeza.

Che alizaliwa Rosario, Argentina, mwaka 1928. Mei 1930, akiwa bado hajatimiza miaka 2, mama yake, Celia, alikwenda naye kuogelea siku ya baridi. Baada ya hapo kifua cha mtoto kikaanza kupiga filimbi, na hakikuacha tena. Familia ilihamia Alta Gracia, mji wa vilimani wenye hewa kavu. Siku alizoshindwa kwenda shule, mama alimfundisha nyumbani. Alipokua akacheza raga, rafiki akisimama pembeni na dawa yake ya kuvuta. Mwaka 1953 akahitimu udaktari, na akafanya kazi ya utafiti wa mzio huko Buenos Aires, kisha katika hospitali ya Mexico. Yaani ugonjwa wake aliujua kuliko wengi wetu tunavyoijua malaria.

Pumu ni njia za hewa kuvimba kwa ndani. Ukichomwa mwiba, mguu hujilinda: unavimba, unakuwa mwekundu, unauma. Kwa mwenye pumu, kinga hiyo huamshwa na vumbi, moshi wa kuni, baridi au manyoya, na kwa wengi haitulii kabisa hata siku ambazo hawabanwi. Mwili unapovimba hutoa kemikali za kupeleka taarifa, na baadhi ya taarifa hizo hufika kwenye ubongo. Kumbuka ulivyokuwa siku ya homa kali: chakula hutaki, watu hutaki, kila kitu kinakuudhi. Ni ubongo ulikuwa umepokea taarifa. Ongeza hapo usiku wa kukaa kitako ukitafuta pumzi, na hofu kwamba hii inayokuja huenda ikawa ya mwisho. Watafiti wameona kwamba wenye pumu hupata wasiwasi na sonona zaidi ya wasio nayo. Na mambo huenda pande zote mbili: hasira, kilio, hata kicheko kikubwa vinaweza kukibana kifua, na aliyevunjika moyo huacha dawa.

Kule Kongo mambo yalimwendea vibaya Tatu. Aliugua homa na pumu, vita ikawa inashindwa, na Mei hiyo hiyo akaletewa habari kwamba mama yake ni mgonjwa mahututi. Celia alikuwa amekwisha kufariki. Novemba Wacuba wakarudi ng'ambo ya Kigoma, na Che akajificha Dar es Salaam akiandika juu ya kushindwa kule. Humo alijikosoa mwenyewe: kukosa subira, kujitenga na wenzake, kukimbilia vitabu. Hatusemi ilikuwa sonona, maana maiti haipimwi. Lakini mwenye mgonjwa wa namna hiyo nyumbani atazitambua dalili.

Mwaka mmoja baadaye alikuwa msituni Bolivia, na huko ndiko dawa zilikoisha. Julai 1967 watu wake waliuteka mji mdogo wa Samaipata, na sababu mojawapo ilikuwa dawa ya kifua chake. Ile aliyohitaji haikupatikana. Akawa hawezi kutembea, anapanda farasi jike. Agosti, siku mnyama huyo aliposita njiani, Che alichomoa kisu akamchoma. Mtu aliyewahi kutibu hata askari wa adui! Baadaye aliwaita wenzake akakiri kwamba amechakaa, na kwamba kuna nyakati anashindwa kujitawala. Kwa maoni yetu, kati ya yote aliyoyafanya msituni, kukiri kule hakukuwa kudogo. Wanaume wa pumu tunaowafahamu huona aibu hata kumwambia mganga wa zahanati kwamba hawalali, na mganga asipoambiwa humpa dawa ya kifua tu.

Siku chache baada ya hapo, tarehe 14 Agosti, redio ilitangaza kwamba jeshi limegundua pango walimoficha vitu vyao. Che alikuwa anasikiliza. Dawa zake za pumu zilikuwa mle ndani. Alikamatwa tarehe 8 Oktoba na kupigwa risasi kesho yake, katika kijiji cha La Higuera, akiwa na miaka 39.